Kliniki ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, Manispaa ya Lindi: wanauliza kabla ya kupima

Huduma ninayoitathmini hapa ni kliniki ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi na matiti katika kituo kimoja cha afya cha serikali ndani ya Manispaa ya Lindi. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya maelezo haya inagusa mapungufu yaliyotokea nje ya kliniki hiyo, na nisingependa lawama iwaangukie wauguzi ambao kazi yao imeniridhisha kuliko huduma yoyote ya afya niliyowahi kuipata mkoani kwetu. Nilikwenda kupima mimi mwenyewe, nikafuatana na wifi yangu aliyekuwa na dalili, na ameniruhusu kuandika yaliyompata ili wanawake wengine wa kusini wayajue. Kwa maoni yangu, kliniki hii inajua kuuliza kabla ya kupima, na maswali yale ndiyo yaliyokifanya kipimo chake kiwe na maana. Udhaifu umebaki katika safari ya jibu, tangu kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kinachochukuliwa kupimwa, kinapotoka mwilini hadi karatasi ya majibu inapomfikia mgonjwa.

Umuhimu wa huduma ya aina hii katika ngazi ya kituo cha afya hauhitaji kutiwa chumvi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba zaidi ya wanawake 10,000 huipata kila mwaka nchini na zaidi ya 6,000 hufa kwayo. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa umekwishasambaa, na kwa mtu wa Lindi safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 400, pamoja na nauli ya msindikizaji na mahali pa kulala Dar es Salaam kwa wiki kadhaa za tiba ya mionzi. Jambo hili linaumiza zaidi ukijua kwamba ugonjwa wenyewe huja polepole: kwa mwanamke mwenye kinga imara, virusi vya HPV huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kuzigeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani, na kwa mwenye kinga dhaifu miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo mwanamke hupita mbele ya muuguzi mara nyingi, akipeleka mtoto kupimwa uzito, akifuata sindano ya uzazi wa mpango au akitibiwa malaria, na kila mara ilikuwepo nafasi ya kuyaona mabadiliko kabla hayajawa saratani.

Kliniki hufanyika siku mbili za wiki, katika chumba kinachopakana na kliniki ya mama na mtoto, na mpangilio huo naupongeza, kwa sababu anayekaa kwenye benchi lile hatofautishwi na waliofuata uzazi wa mpango. Hiyo si faida ndogo katika mji ambao watu wanajuana. Tulipokelewa na muuguzi mkunga wa makamo ambaye, baada ya kuitikia shikamoo zetu, alitukaribisha mmoja mmoja, akafunga mlango, akafungua rejesta. Aliniuliza umri, idadi ya wanangu, tarehe ya hedhi ya mwisho, iwapo hutokwa na damu baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi, na iwapo nimepima VVU na lini. Swali la VVU alilieleza bila kunifanya nijihisi nahukumiwa: mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara 6 zaidi ya asiye navyo, hivyo ratiba yake ya kupimwa ni tofauti. Kisha likaja swali ambalo sikulitarajia kabisa katika kliniki ya saratani. "Utotoni mlikuwa mkioga wapi, mama? Mtoni, bwawani, au mlikuwa na bomba?"

Kwa kuwa nafundisha baiolojia sekondari, nilielewa upesi alikokuwa akielekea, na nikamheshimu zaidi.

Kipimo chenyewe hakikuwa na maumivu, ingawa hakikosi kumtia mtu haya. Kifaa cha kufungulia uke kilikuwa kimewekwa kwenye maji ya uvuguvugu ili kisinishtue kwa ubaridi, na kila hatua niliambiwa kabla haijafanyika. Alitazama kwanza kwa taa, akapaka asidi ya siki iliyoyeyushwa, yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, kwa kipande cha pamba, akaikazia macho saa ya ukutani mpaka mshale wa sekunde ulipokamilisha mzunguko mzima, ndipo akatazama tena. Chembe zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe na kuonyesha mpaka ulio wazi, zangu hazikubadilika. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo ningependa kila kituo kilifanye: alichora mduara kwenye kadi yangu, akatia mstari pale alipouona mpaka wa tabaka mbili za mlango wa kizazi, na akaandika kwamba ameuona wote pande zote. Saratani hii huanzia zaidi kwenye eneo la mpaka huo, kwa hiyo jibu la "salama" lisiloeleza kama mpaka ulionekana ni jibu ambalo halijakamilika.

Nasisitiza uangalifu huo kwa sababu kipimo hiki, ambacho wauguzi hukiita VIA, kinategemea jicho la mtazamaji, na tafiti zimeonyesha jinsi matokeo yake yanavyotofautiana. Mjini Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapimwa kwa siki kila baada ya miaka 2 na wahudumu waliofunzwa maalumu na kusimamiwa kwa karibu. Vifo vya saratani ya mlango wa kizazi katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 31. Katika wilaya ya Osmanabad, jimbo hilohilo la Maharashtra, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukihusisha wanawake zaidi ya 130,000 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kupimwa kwa siki mara moja kunapunguza vifo, ilhali kupimwa virusi vya HPV mara moja kulivipunguza kwa takriban nusu. Nikiyasoma matokeo hayo mawili kwa pamoja, naona kwamba siki inaokoa maisha pale penye usimamizi na marudio, na kwamba tukiwa na uwezo tunapaswa kuhamia kwenye kipimo cha HPV, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2021: kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani, na kwa wanawake wa Liwale au Kilwa wanaoona haya kupanda kitandani hilo lingeondoa kikwazo kikubwa. Siku tuliyokwenda kipimo hicho hakikuwepo.

Pengo hilo nililiona kwa macho yangu. Bibi mmoja aliyetoka upande wa Mingoyo, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alikuwa ameamka alfajiri kuwahi foleni. Muuguzi alimweleza kwa adabu kwamba baada ya ukomo wa hedhi lile eneo la mpaka huingia ndani, ambako siki na taa haviwezi kulifikia, kwa hiyo kumpima kwa njia ile kungempa faraja isiyo ya kweli. Alimwuliza kama anatokwa na damu, jambo ambalo kwa umri wake lingekuwa dalili ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na alipojibu hapana akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kwa kipimo kinachomfaa. Kumwambia ukweli ilikuwa haki yake. Lakini nauli ya kwenda na kurudi hospitali hakuwa nayo, na sijui kama barua ile ilifika. Nadhani tangazo la redioni linalowaalika wanawake wote lingepaswa kutaja kwamba VIA inawafaa hasa walio kati ya miaka 30 na 50, ili bibi kama yule asiingie gharama ya safari isiyo na tija.

Kwa wanaokutwa na madoa meupe yanayoweza kutibiwa papo hapo, kituo kina mashine ya joto inayoshikwa mkononi, ambayo ncha yake hufikia nyuzi joto 100 na kugusishwa kwenye mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30. Imechukua nafasi ya tiba mgando, ile ya kuzigandisha chembe kwa baridi kali, iliyohitaji mitungi ya gesi, na gesi ikiisha huduma ilisimama. Mwanamke hupimwa na kutibiwa asubuhi moja.

Sasa nije kwa wifi yangu, ambaye kwake ndiko nilikoona thamani kamili ya kliniki hii. Amekulia katika vijiji vya Bonde la Lukuledi, na kwa muda mrefu alikuwa akitokwa na damu kidogo baada ya tendo la ndoa, pamoja na uchafu na maumivu chini ya kitovu. Alikotibiwa awali, katika kituo kingine, kila alipokwenda alipimwa mkojo, akaambiwa ni UTI, akapewa dawa za kuua bakteria. Baadaye akaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, kaka yangu naye akatakiwa ameze dawa, na maneno yakaingia ndani ya nyumba ile. Katika safari zote hizo hakuna aliyemwomba apande kitandani aangaliwe.

Katika kliniki yetu mambo yalikwenda tofauti tangu swali la damu. Muuguzi alipolisikia jibu, aliweka kando chupa ya siki na kueleza kwamba VIA ni ya mwanamke asiye na dalili; mwenye dalili anahitaji kuangaliwa na kupewa jibu la uhakika, hata kama siki ingeonyesha hana kitu. Alimtazama, akaona vidoa vya njano vilivyotawanyika kama punje za mchanga na sehemu iliyotoa damu ilipoguswa, akamwita tabibu naye aone. Hapo ndipo swali la mto na bwawa lilipopata kazi yake. Kichocho cha mkojo kipo Lindi na Mtwara tangu zamani, na mayai yake hayaishii kwenye kibofu: hunasa pia kwenye uke na mlango wa kizazi, yakaleta damu, uchafu na maumivu yanayofanana kabisa na ya magonjwa ya zinaa na, kwa mtazamaji asiyekijua, na ya saratani. Wanawake wenye hali hiyo barani Afrika wanakadiriwa kufikia milioni 56. Hata hivyo, muuguzi hakuchukulia kwamba ni kichocho na kuishia hapo. Aliandika barua yenye mistari mitano au sita, akataja dalili, muda wake, alichokiona, historia ya maji ya mtoni na mambo mawili anayoyashuku, saratani ikiwa ya kwanza, kisha akapiga simu hospitali kujua siku ambayo daktari wa kuchukua kinyama angekuwepo.

Huko mbele ndiko kulikokuwa na matatizo. Kinyama kilichukuliwa vizuri, lakini chupa yenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, tulikabidhiwa sisi, tuipeleke kwa basi hadi maabara ya patholojia nje ya mkoa. Muuguzi wetu alikuwa ametutahadharisha tuhakikishe jina limeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huweza kuyeyuka ukipatwa na dawa ile, na kweli tulilikuta limeandikwa kwa kalamu ya wino. Tukaomba liandikwe upya kabla hatujaondoka. Nililishika kopo lile mapajani njia nzima, nikiwa nimelifunga kwa mifuko miwili ya plastiki, huku kondakta akiuliza harufu ile inatoka wapi. Tulipofika maabara, fomu iliyoandamana nalo ilikuwa na jina, umri na jina la kiungo tu, na nafasi ya maelezo ya ugonjwa ilikuwa tupu. Mtaalamu wa patholojia haoni mgonjwa. Huona kipande cha nyama chini ya hadubini, na anachoelezwa kuhusu mgonjwa humwongoza atafute nini na akate vipande vingapi. Kwa bahati nzuri barua ya muuguzi tulikuwa nayo kwenye mkoba, wakaiambatanisha.

Majibu yalichelewa kupita muda tulioahidiwa, na hospitali haikutupigia. Aliyepiga simu ni muuguzi wa kituo cha afya, ambaye kwenye rejesta yake alikuwa ameandika namba ya wifi yangu, namba yangu, na mahali atakapokuwa msimu wa korosho, kwa maana anajua kwamba kuanzia Oktoba wanawake wengi huhamia mashambani ambako mtandao haushiki. Alikuwa ameifuatilia maabara mwenyewe. Jibu lilisema hakuna saratani. Kulikuwa na mayai ya kichocho na uvimbe wa muda mrefu uliosababishwa nayo. Wifi yangu alipewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake na kuelezwa kwamba dawa huua minyoo, lakini makovu yanaweza kudumu, hivyo anarudi kuangaliwa, na uchunguzi wa saratani anaendelea nao kama mwanamke mwingine yeyote. Kaka yangu aliitwa, akaelezwa mbele ya mkewe kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kujamiiana. Kwa familia ile, maelezo hayo ya dakika chache yalikuwa tiba nyingine.

Jamaa kadhaa walituambia kwamba tulihangaika bure kwa kuwa haikuwa saratani. Sikubaliani nao hata kidogo. Nchini Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka 2015 kwa madaktari wa ngazi ya msingi uliweka kiwango cha asilimia 3: dalili zikifikisha uwezekano huo wa saratani, mgonjwa apelekwe haraka kwa uchunguzi. Maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wanaopelekwa, hata 97 wanaweza kukutwa hawana saratani, na nchi yenye uzoefu mkubwa imekubali hivyo kwa sababu ukingoja uhakika ndipo umpeleke mtu, unampeleka akiwa amechelewa. Huku kwetu barua ya rufaa hupokelewa kama hukumu ya kifo, na wapo wanaoificha. Muuguzi wetu alimwambia wifi yangu tangu mwanzo kwamba wengi wanaopelekwa hukutwa hawana saratani, na kwamba anampeleka ili ajulikane ana nini. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya aende.

Uchunguzi wa matiti ulifanyika pia, lakini kwa haraka, na kwapa hazikuguswa. Napenda uboreshwe, hasa kwa wenye umri mkubwa: utafiti wa Mumbai nilioutaja ulipima pia thamani ya matiti kuchunguzwa kwa mikono ya mhudumu aliyefunzwa, na baada ya miaka 20 ulionyesha vifo kupungua kwa karibu asilimia 30 kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi, ingawa kwa walio chini ya hapo faida hiyo haikuonekana. Bibi wa Mingoyo angeweza kunufaika na huduma hiyo siku ileile.

Ombi langu kubwa kwa halmashauri na waganga wafawidhi ni kuyahamishia maswali haya kwenye vyumba vya wagonjwa wa nje, ambako watu wengi huanzia. Mwanamke aliyerudi na UTI ileile baada ya dawa kumalizika apandishwe kitandani aangaliwe kabla ya kuandikiwa dawa nyingine. Mtu mzima anayekojoa damu asiambiwe tu kwamba ni kichocho cha utotoni, kwa sababu kichocho hichohicho kikikaa miaka mingi huweza kusababisha saratani ya kibofu. Na asiye na dalili iliyo wazi, anayekonda na kuchoka bila sababu, naye awe na njia ya kuchunguzwa. Nchini Denmark waligundua kwamba takriban nusu tu ya wagonjwa wa saratani hufika kwa daktari wakiwa na dalili za hatari zinazotambulika, wakaanzisha njia maalumu kwa wale wengine. Chupa za vinyama zisafirishwe na mfumo wa afya, na fomu yenye nafasi tupu ikataliwe kabla haijatoka hospitali. Mambo haya yanahitaji utaratibu na usimamizi zaidi ya mashine.

Kwa atakayekwenda: uliza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe siku za kliniki, kwani hazilingani. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, usiwe katika siku zako, vaa gauni au sketi, na beba kadi zako zote za zamani pamoja na majina ya dawa ulizowahi kupewa kwa tatizo hilohilo. Mimi na wifi yangu hatukutozwa chochote kwenye kliniki. Kinyama tulikilipia hospitali. Kama una dalili, iseme mlangoni kabla hujapangwa kwenye foleni ya siki, na usiondoke bila kuona muuguzi akiandika namba mbili za simu kwenye rejesta. Kama huna dalili na kipimo kimekuwa kizuri, kadi itakutaka urudi baada ya miaka 3. Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 aulizie pia chanjo ya HPV siku hiyohiyo, ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja tu.